Redio ya Dharura, na Vitu Vinavyosahaulika Kwenye Begi la Masika

Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania karibu na kisiwa cha Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imeshatoa tahadhari, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesitishwa. Hata hivyo barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wasafiri wakakwama huku na huku. Siku nane baadaye, Mei 12, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na watu wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakakuta intaneti inasuasua au haifungui kitu. Kenya ilikuwa tayari imeonja giza la karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, gridi ya umeme ilipoanguka.

Njia, umeme na intaneti vyote vinaweza kukatika, na havisubiriani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na redio. Unaweza kuwa na maji, biskuti na tochi, lakini usipojua kama mto unapanda au unashuka, daraja lipi limekwenda, na shule ipi imefunguliwa kupokea watu, utakaa pale ulipopaswa kuondoka, au utaondoka kuelekea kwenye hatari.

Kwa nini simu peke yake haitoshi

Mnara wa simu unakula umeme. Gridi ikikatika unaendeshwa na betri zake au jenereta, na mafuta yakiisha unanyamaza. Hata ukiwa hai, watu elfu wakipiga kwa wakati mmoja laini hujaa. Redio haina foleni. Mtambo mmoja ukirusha matangazo, msikilizaji wa elfu kumi anapata sauti ileile anayopata wa kwanza, na kusikiliza kwako hakumpunguzii jirani chochote.

Usiitupe simu, basi. Igawie kazi yake. Simu ni ya kutuma ujumbe mfupi, ambao mara nyingi hupenya pale ambapo kupiga kumeshindikana. Redio ni ya kupokea habari. Na kama una kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, itunze vizuri: nyingi zina redio ya FM na tochi, na chaji yake hukaa siku kadhaa. Nyingi kati ya hizo hudai uchomeke spika za masikioni kwanza, kwa sababu waya wake ndio antena. Basi weka spika hizo ndani ya begi la dharura, zisitoke humo.

Masafa gani unayahitaji?

Redio nyingi za dukani zina alama za FM, MW (au AM) na SW. Tofauti yake si ya mapambo.

FM ina sauti safi lakini haifiki mbali, na milima au majengo huizuia. Ukiishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja mjini, FM ndiyo utakayoitumia zaidi, hasa stesheni iliyo karibu nawe. Redio za jamii kama Pangani FM, Redio Jamii Micheweni kule Pemba, au Pamoja FM ya Kibera, zinajua jina la daraja lako na la mtaa wako. Stesheni ya taifa inaweza kuishia kutaja mkoa tu. Udhaifu wa FM ni kwamba mtambo wa jirani unaweza kupigwa na mafuriko yaleyale yaliyokupiga wewe.

MW, yaani masafa ya kati, husafiri mbali zaidi, na usiku huenda mbali kuliko mchana kwa sababu mawimbi yake huakisiwa na tabaka la juu la anga. SW, masafa mafupi, huvuka hata mabara. Kama unaishi kijijini mbali na mji, kisiwani, au unakwenda baharini, usinunue redio ya FM pekee hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ya mjini nayo ikiwa na MW na SW haitakudhuru, ila usilipe bei mbili kwa ajili yake.

*KISANDUKU: Alama mbili zinazowapotosha wanunuzi*

*WB, au maneno "redio ya hali ya hewa". Redio nyingi za dharura zinazouzwa mtandaoni hujisifu kwa mkanda huu. Zimetengenezwa kwa ajili ya matangazo maalumu ya hali ya hewa ya Marekani na Kanada, yanayorushwa kwenye megahezi 162.400 hadi 162.550. Afrika Mashariki hakuna mitambo ya mfumo huo. Kitufe cha WB hapa kitakupa mvumo mtupu, kwa hiyo usikubali kiongeze bei.*

*Redio ya gari kutoka Japani. FM yetu inaanzia megahezi 87.5 hadi 108. Ya Japani huanzia 76 na kwa magari mengi huishia 90. Gari lako likiwa limetoka huko na hujalifungia kifaa cha kupanua masafa, stesheni nyingi za kwetu hutazipata. Jaribu leo kabla hujaitegemea.*

Nguvu ya redio itoke wapi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Dukani utaonyeshwa redio yenye sola mgongoni, mkono wa kuzungusha ubavuni, tundu la chaji, tochi, king'ora na pengine taa ya kusomea. Inavutia. Lakini swali la kwanza liwe moja tu: je, inatumia betri za kawaida zinazouzwa kwenye duka la mtaani kwangu?

Msimamo wangu ni huu: betri za kubadilisha kwanza, chaji ya waya pili, sola na mkono wa kuzungusha mwisho. Sababu ni hizi. Betri ya ndani isiyotoka huchakaa ikikaa bila kutumiwa, na siku ya shida unaweza kuikuta imekufa, redio nzima ikawa takataka. Kile kipande kidogo cha sola kinahitaji jua kali la saa nyingi, na masika ndiyo majira ambayo jua hujificha kwa siku nzima. Mkono wa kuzungusha ni msaada wa kweli, lakini ule wa redio za bei rahisi huvunjika upesi, na dakika moja ya kuzungusha hukupa dakika chache tu za kusikiliza.

Na bado nauheshimu mkono ule. Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa na vijiji vya Afrika visivyo na umeme akilini mwake, na kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Cape Town. Ukipata iliyotengenezwa kwa uimara, ichukue. Ila isikose mahali pa kutia betri.

Kati ya betri, zile kubwa za tochi hubeba nguvu mara kadhaa ya zile ndogo nyembamba, lakini ni nzito. Redio ya kukaa nyumbani iwe ya betri kubwa. Ya kubebwa begani iwe ya ndogo. Na kama tochi yako na redio yako zinatumia betri za aina moja, umejiokoa na usumbufu mwingi: unanunua akiba moja, na kimoja kikizima unaweza kukopa kutoka kwa kingine.

Jinsi ya kuijaribu redio dukani

Usiinunue ikiwa ndani ya boksi. Muuzaji mwema hatakasirika ukifanya haya:

1. Omba iwashwe kwa betri, si kwa umeme wa ukutani. Kuna redio zinazonguruma kwenye soketi na kunong'ona kwenye betri.
2. Vuta antena yote, kisha tafuta stesheni unayoisikiliza nyumbani. Zungusha redio taratibu uone kama sauti inabadilika.
3. Hamia MW. Ukisikia mvumo mkali, usiihukumu bado: taa za LED na chaja za simu zilizo dukani huingilia masafa hayo. Toka nayo nje kidogo, usikilize tena.
4. Ongeza sauti hadi mwisho. Mvua ikipiga bati hutasikia redio dhaifu. Sauti ikipasuka ukashindwa kushika maneno ya msomaji, iache.
5. Fumba macho uizime, uiwashe na kubadilisha stesheni. Utaitumia gizani, pengine na mikono iliyolowa. Redio inayotafuta stesheni kwa kitasa cha kuzungusha mara nyingi ni rahisi kuliko yenye vitufe vidogo vilivyofanana.
6. Fungua na kufunga mfuniko wa betri mara kadhaa. Huo ndio unaovunjika kwanza.
7. Ikiwa ina mkono wa kuzungusha, toa betri, zungusha dakika mbili, uone kama redio yenyewe inaimba. Kuna ambazo mkono wake huwasha tochi tu.
8. Chukua risiti, na ulizia kama inarudishwa ikigoma.

Ukifika nyumbani, ijaribu usiku na mchana, ndani na nje. Andika kwenye kipande cha plasta jina na masafa ya stesheni tatu zinazosikika vizuri, ukibandike mgongoni mwa redio. Mtoto au mgeni ataweza kuipata habari bila kukuuliza.

ONYO kuhusu kuhifadhi betri. Usiache betri ndani ya redio inayokaa miezi bila kutumiwa. Betri, hasa za bei rahisi, huvuja uchafu unaokula springi, na redio haitawaka tena. Zitoe, zifunge pamoja na redio kwenye mfuko uleule. Usichanganye mpya na zilizotumika.

Jinsi ya kusikiliza wakati wa hatari

Usiache redio ikiimba kutwa. Iwashe saa za taarifa ya habari na kila TMA inapotarajiwa kusema, kisha uizime. Ukisikia tangazo, andika papo hapo: saa, stesheni, mahali palipotajwa. Habari ikipita midomo mitatu hubadilika, na watu waliokwisha kuogopa huipokea iliyobadilika kwa haraka zaidi.

Jua pia ngazi za TMA. *Angalizo*, rangi ya njano, maana yake uwe macho. *Tahadhari*, rangi ya machungwa, maana yake jiandae. *Tahadhari kubwa*, nyekundu, maana yake chukua hatua. Mimi nakushauri begi liwe tayari kubebwa kwenye njano, kwa mtu anayeishi bondeni au kando ya mto. Ukisubiri nyekundu wakati wa usiku, umechelewa. Maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Tanzania, Desemba 3, 2023 yaliua watu zaidi ya 80. Mafuriko ya Mai Mahiu, Kenya, yaliwakuta watu usingizini, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024. Hakuna aliyekuwa na muda wa kutafuta kitu chini ya kitanda.

Na hapo ndipo begi lisikae: chini ya kitanda. Maji huanzia huko. Litundike kwenye msumari karibu na mlango, juu ya kiuno cha mtu mzima.

Vitu vinavyosahaulika

Orodha za dharura hutaja maji, chakula na tochi. Ni sawa. Hapa nataja vile ambavyo watu huvikumbuka wakiwa tayari nje.

Funguo za kufuli. Nyumba zetu za mijini zina nondo madirishani na kufuli mlangoni, pengine na geti lenye kufuli la pili. Zinatukinga na wezi, na zinaweza kutufungia ndani maji au moto ukija. Ufunguo wa kila kufuli la ndani uwe na mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, pamoja na watoto wanaoweza kufungua, na nakala moja iwe kwenye begi. Fanyeni zoezi taa zikiwa zimezimwa. Kama nyumba ina dirisha ambalo nondo zake zinaweza kufanywa za kufunguka kwa ndani, zungumza na fundi wa kuchomelea.

Viatu vya kufunika mguu. Maji ya mafuriko hubeba vigae, misumari na yaliyotoka vyooni. Kandambili hung'oka kwenye tope hatua ya tatu.

Dawa za kila siku. Za presha, kisukari, pumu, kifafa, na za kufubaza virusi vya ukimwi. Kituo cha afya kinaweza kufungwa au njia ikakatika. Zungumza na mhudumu wako kabla ya masika kuhusu kuwa na akiba ya wiki moja au mbili, na kwa anayetumia insulini, muulize mhudumu huyo jinsi ya kuihifadhi bila jokofu. Andika jina la dawa na kipimo chake kwenye karatasi. Muuguzi wa kambini hawezi kukisia "kidonge cheupe cha asubuhi".

Miwani ya zamani. Usiitupe unapopata mpya. Isiyo sawasawa ni bora kuliko kutoona.

Taulo za kike, nepi, na kanga mbili. Taulo za kike huwa miongoni mwa vitu vinavyochelewa kufika kwenye vituo vya waathirika, na wanawake huona haya kuziomba. Kanga moja hubeba mtoto, nyingine hufunika, na ikibidi hufunga mkono uliovunjika.

Noti ndogo. Pesa ya kwenye simu inahitaji mtandao, na wakala naye amekimbia mafuriko. Weka noti za chini, si noti kubwa moja ambayo hakuna atakayekuwa na chenji yake.

Namba zilizoandikwa. Ni watu wangapi leo wanajua kwa kichwa namba ya mke au mume wao? Ziandike kwa kalamu isiyofutika na maji. Ongeza namba ya ndugu mmoja anayeishi mkoa mwingine, mkubaliane kwamba mkipotezana kila mmoja atamtumia yeye ujumbe. Kwa Tanzania andika pia 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Kwa Kenya 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Nakala za karatasi muhimu. Kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima, hati au mkataba wa nyumba. Nakala zikae kwenye mfuko mgumu wa plastiki ndani ya begi. Kadi ya kliniki ni bora iwe ile halisi, kwa sababu kumbukumbu za chanjo ndizo zitakazoulizwa.

Kifungulio cha kopo. Kwa aliyeweka maharage ya kopo. Au weka vyakula visivyohitaji kifungulio wala moto: tende, karanga, kashata, biskuti.

Filimbi. Koo hukauka baada ya kupiga kelele dakika chache, filimbi haichoki. Kila mtoto apewe ya kwake, na jina lake pamoja na namba ya mzazi vishonwe kwenye nguo.

Vidonge vya kutibu maji na chumvichumvi za ORS. Baada ya mafuriko huja kipindupindu. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha tia kidonge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda ulioelekezwa. Ukiwa na moto, yaache yatokote dakika 1, au 3 kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000. ORS ni ya kumnywesha anayeharisha. Pakiti yake ikikosekana, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.

Makosa yanayojirudia

- Kununua begi lililopangwa tayari kutoka ng'ambo na kuliamini bila kulifungua. Limepangwa kwa maisha ya mtu mwingine.
- Kujaza begi hadi mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kulinyanyua. Lipime kwa kulibeba hadi barabarani na kurudi.
- Kutumia koroboi au mshumaa ndani ya chumba kilichojaa watu na vyandarua. Tochi ni nafuu kuliko kuungua.
- Kuingiza jiko la mkaa ndani kwa sababu nje kunanyesha. Mkaa hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, na huua waliolala.
- Kuzima umeme ukiwa umesimama majini. Zima mein swichi kabla maji hayajaingia; yakishaingia, usiiguse.
- Kuazima betri za begi kwa ajili ya rimoti ya televisheni.

Ukaguzi wa mara mbili kwa mwaka

Mwisho wa Februari, kabla ya masika, na mwisho wa Septemba, kabla ya vuli:

☐ Redio imewashwa kwa betri, stesheni tatu zimesikika
☐ Betri za akiba hazijavuja, ziko nje ya redio
☐ Tochi, kitochi na pawa benki vimechajiwa na kujaribiwa
☐ Dawa, ORS na vidonge vya maji havijapitwa na muda
☐ Vyakula vimebadilishwa, vya zamani vimeliwa
☐ Viatu na nguo za watoto bado vinawatosha
☐ Namba za simu ni zilezile
☐ Funguo zote zinafungua

Kama pesa haitoshi kwa vyote

Fanya kwanza visivyo na gharama: namba kwenye karatasi, funguo mahali pamoja, viatu karibu na mlango, zoezi la gizani. Mwezi unaofuata nunua redio ndogo ya betri na akiba yake. Mwezi wa tatu, vidonge vya maji, ORS na filimbi. Mwenye redio ya mkononi iliyojaribiwa na vitu vichache kwenye mkoba wa zamani wa shule amejiandaa vizuri kuliko mwenye sanduku la bei kubwa ambalo hajalifungua.

Redio ina pengo moja ambalo hakuna aina utakayonunua itakayoliziba: haimsaidii asiyesikia, wala mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hata akisikia. Kabla masika hayajaanza, kaa na majirani na mjumbe wenu, wataje watu hao kwa majina, na mkubaliane nani atakwenda kumwamsha nani.